Kiabukwa, 1952: umeme wa maji ya moto, na moshi wa Lubudi



Wiki iliyopita mmoja wenu aliandika kwamba umeme wa jotoardhi ni jambo la Wakenya, sisi huku Lualaba tubaki na mito yetu. Sikumjibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huandika vibaya. Leo nimetulia. Nataka kumpa tarehe mbili tu kwanza. Kenya ilianza kutoa umeme wa jotoardhi pale Olkaria mwaka 1981, kwa mashine ya megawati 15. Katanga ilianza mwaka 1952, Kiabukwa, katika bonde la Upemba, kaskazini kwetu. Ulikuwa mtambo wa kwanza wa aina hiyo katika Afrika nzima.

Ndiyo, soma tena. Afrika nzima.

Mimi ni mtoto wa Lubudi. Nimekulia kandokando ya reli, kwenye vumbi la kiwanda cha simenti, na shule ya msingi na sekondari nilimalizia hukohuko. Miaka yote hiyo hakuna mwalimu aliyetamka neno Kiabukwa. Tulifundishwa urefu wa mto Rhine. Jina la Kiabukwa nililikuta Lubumbashi, nikiwa mwaka wa tatu, ndani ya jedwali la nchi na megawati zake katika kitabu kilichochanika jalada. Italia, namba kubwa. New Zealand, namba kubwa. Halafu chini kabisa: Zaire, Kiabukwa, 0.2. Nilidhani wamekosea chapa. Nikarudi nyumbani likizo, nikamuuliza kambo.

Kambo alifanya kazi kwenye tanuru la simenti mpaka macho yakamharibikia. Akanijibu bila kushangaa: "Mema ya moto? Iko nyingi kule Upemba. Batu balikuwaka banachovyamo kuku, manyoya yanatoka yenyewe." Mashine hakuwahi kuiona, ila maji aliyajua. Sisi tuliosoma ndio tulikuwa hatujui lolote.

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe.

Mwanzo wa umeme wa jotoardhi ni Larderello, Italia. Mwaka 1904 mfanyabiashara mmoja wa huko, Piero Ginori Conti, alitumia mvuke unaotoka ardhini kuwasha taa tano. Taa tano tu. Mwaka 1913 pakasimama kituo cha kweli cha kilowati 250. Kumbuka namba hiyo, maana Kiabukwa yetu ya 1952 ilikuwa karibu ukubwa uleule, kama kilowati 200 na kidogo. Wakati huo Wairakei ya New Zealand ilikuwa bado, ilikuja 1958. The Geysers ya California ilianza biashara yake 1960. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba Wabelgiji walinakili kitu kilichokwisha kuenea dunia nzima. Walikuwa wanajaribu.

Na walichojaribu kilikuwa kigumu kuliko cha Larderello. Kule Italia ardhi inatoa mvuke mkavu, unaingia moja kwa moja kwenye turbini. Kiabukwa ardhi inatoa maji ya nyuzijoto 91. Hayajachemka. Ukiyaacha wazi yanafuka tu kama chai. Ili uzungushe mashine kwa maji ya namna hiyo una njia mbili: ama uyaingize kwenye chombo ambamo hewa imenyonywa, yachemke kwa joto dogo, ama uyatumie kuchemsha kitu kingine kinachochemka upesi kuliko maji, kisha mvuke wa hicho kitu ndio uzungushe turbini. Na kwa vyovyote faida ni ndogo. Joto linaingia na nyuzi 91, linatoka kwenye maji ya mto ya nyuzi 25 hivi; hata mashine isiyo na kasoro yoyote haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 18 ya joto hilo kuwa umeme, na mashine za kweli hupata nusu ya hapo au chini yake. Joto lingine lote linarudi mtoni.

Joto lenyewe linatoka wapi, maana hatuna volkeno kama Goma? Upemba ni bonde lililozama. Ni mkono wa kusini-magharibi wa lile bonde la ufa linalopita Tanganyika. Mwamba umepasuka, maji ya mvua yanashuka ndani kwenye nyufa, na kadiri yanavyoshuka yanapata moto, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Yakipata ufa mzuri wa kupandia yanarudi juu haraka kabla hayajapoa. Ndiyo hiyo "mema ya moto" ya kambo. Moto wa volkeno hauhitajiki, kinachohitajika ni kina na mpasuko.

Umeme ule ulikwenda wapi? Ulikwenda kwa kampuni ya madini. Haukwenda kwa wavuvi wa ziwa Upemba wala ziwa Kisale, wala kwa mtu wa Lubudi. Hapo hakuna la kushangaza kwa anayejua Kongo ya Kibelgiji ilivyojengwa. Reli ya BCK iliyopita Lubudi na kufika Ilebo mwaka 1928 ilijengwa kubeba shaba. Makaa ya mawe ya Luena yalichimbwa kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Taa ya nyumbani ilikuwa ziada.

Kisha mashine ikanyamaza. Leo ukisoma orodha za jotoardhi duniani, Kongo ina sifuri.

Nikiri kosa langu hapa. Katika kazi yangu ya kumaliza lisanse niliandika kwa ujasiri mkubwa kwamba Kiabukwa iliuawa na vurugu za 1960, kujitenga kwa Katanga na vita. Ilikuwa hadithi nzuri, ina damu na ina wazungu wanaokimbia. Mjumbe mmoja wa juri akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, ushahidi uko ukurasa gani?" Sikuwa nao. Nilikuwa nimeutunga kwa sababu nilitaka uwe hivyo. Jasho lilinitoka, na wenzangu waliokuwa nyuma wanalikumbuka mpaka leo, wananiita "Docteur 1960".

Baada ya ile aibu nikaanza kutazama namba badala ya hadithi. Angalieni ni nini kilikuwa kinajengwa Katanga miaka ileile. Mwadingusha kwenye mto Lufira ilikuwapo tangu 1930, wakati huo ikiitwa Francqui. Koni, 1950, megawati 42. Nzilo hapa Kolwezi, waliyoiita Delcommune, mwanzoni mwa miaka ya 1950: megawati 108. Nseke, yaani Le Marinel, 1956: megawati 248. Na mwaka uleule wa 1952 sehemu ya reli ya Jadotville hadi Tenke ilitiwa umeme, treni zikaanza kuacha makaa. Weka kilowati 200 za Kiabukwa kando ya Nzilo. Nzilo moja ni sawa na Kiabukwa mia tano na zaidi. Mhandisi wa kampuni anayehesabu faranga, mbele yake kuna Lualaba inayoporomoka milimani na chemchemi moja inayofuka, ataandika barua gani kwa wakubwa wake Brussels?

Kwa maoni yangu, mto ndio ulioizima Kiabukwa, au tuseme mto ulifanya asiwepo mtu wa kuililia. Kwa mgodi, kilowati 200 hazina maana, kwa kijiji ni kitu kikubwa. Lakini kijiji hakikuwa kwenye hesabu.

Jirani zetu Wazambia wana hadithi inayofanana na hii mpaka inaumiza. Kapisya, ufukweni mwa Tanganyika, miaka ya 1980 Waitalia waliwawekea mashine mbili, jumla kilowati 200. Hazikupata laini ya kupeleka umeme kwa watu. Zilikaa.

Haya. Sasa kwa nini nimetaja moshi wa Lubudi kwenye kichwa cha habari?

Kwa sababu jioni moja, baada ya ile aibu ya juri, nilikaa na kambo uani nikamweleza wazo ambalo nilikuwa nimelisoma na ambalo lilikuwa nusu ya pili ya kazi yangu. Mwaka 2000 mtafiti wa Los Alamos, Marekani, anaitwa Donald Brown, alipendekeza kwamba badala ya kuzungusha maji ndani ya mwamba wa moto, tuzungushe hewa ya ukaa, CO2. Alikuwa anajua alichokuwa anakisema. Los Alamos walihangaika Fenton Hill, New Mexico, tangu miaka ya 1970: wanachimba kwenye mwamba mkavu wa moto, wanaupasua kwa maji, wanaingiza maji baridi kisima kimoja na kuyatoa yamepata moto kisima kingine. Ilifanya kazi, lakini maji mengine yanapotelea ndani, na New Mexico ni nchi kavu. Isitoshe maji ya moto huyeyusha madini ya mwamba, kisha huyaacha kwenye mabomba kama ule ukoko mweupe ndani ya birika.

CO2 ina tabia nyingine. Ukiibana kwa mgandamizo mara 73 wa hewa ya kawaida na joto likapita nyuzi 31, inakuwa kitu cha katikati: nzito karibu kama kimiminika, lakini inapenya kwenye nyufa kama hewa. Kutoka kina cha mita 800 hivi kwenda chini, ardhi yenyewe inaibana kiasi hicho. Ikiwa baridi ni nzito, inashuka. Ikipata moto inakuwa nyepesi sana, inapanda. Tofauti hiyo ya uzito ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo pampu inapata kazi kidogo, pengine mzunguko ujiendeshe wenyewe. Kweli kilo moja ya CO2 inabeba joto kidogo kuliko kilo ya maji. Lakini inapita kwa wepesi mno. Karsten Pruess wa Lawrence Berkeley alipiga hesabu mwaka 2006 kwa kompyuta, akapata kwamba kwenye mwamba wa nyuzi 200 CO2 inaweza kutoa joto kama nusu zaidi ya maji. Na ile inayopotelea ndani haikupotea bure: imezikwa, haiko tena angani inapasha dunia. Mwaka 2011 Jimmy Randolph na Martin Saar wa Minnesota wakaongeza lao, kwamba si lazima kupasua mwamba, zitumike tabaka zenye matundu ya asili zilizofunikwa na tabaka gumu juu, palepale ambapo watu wanafikiria kuzika CO2.

Kambo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Ile moshi ya tanuru, miaka yote shi tunaitupaka bure?"

Swali lake lina kemia ndani yake. Simenti hutengenezwa kwa chokaa ya mwamba, na mwamba huo ukichomwa, katika kila kilo 100 safi zinatoka kilo 44 za CO2, hata kabla hujahesabu makaa uliyochomea. Ndiyo maana simenti inashutumiwa sana siku hizi. Kolwezi nako, tindikali inapomwagwa kwenye madini ya shaba yenye dolomiti, povu lile linalopanda ni CO2 hiyohiyo. Kwa hiyo malighafi tunayo, tunaipumulia. Hilo ndilo lililonifanya niandike kwenye kazi yangu kwamba Lubudi, yenye tanuru upande mmoja na Upemba ya moto upande mwingine, itakuwa mahali pa kwanza duniani pa kutoa umeme kwa CO2. Maneno hayo niliyapigia mstari mara mbili.

Na hapo ndipo juri walinivunja mbavu mara ya pili. Nawaambia ukweli, walikuwa na haki.

Kwanza, moshi wa tanuru si CO2 tupu. Sehemu kubwa ni naitrojeni. Kuitenga ni kazi inayokula nishati, yaani unahitaji umeme ili upate umeme. Pili, ukubwa. Tuseme kiwanda kinatoa tani 100,000 za simenti kwa mwaka, moshi wake utakuwa na makumi ya maelfu ya tani za CO2. Mifumo kama ile ya Minnesota inafikiriwa kwa mamilioni ya tani. Tatu, CO2 ikikutana na maji ardhini inakuwa asidi, inatafuna chuma na saruji ya kisima, na Upemba ni nchi ya maji, si New Mexico. Nne, jaribio. Mwaka 2015 huko Cranfield, Mississippi, mahali ambapo CO2 nyingi ilikuwa tayari imeingizwa ardhini, watafiti walijaribu kuuacha mzunguko ujiendeshe wenyewe. Ulianza, haukudumu. Wazo halijafa, ila bado halijatembea kwa miguu yake.

Kuna na la tano ambalo juri hawakulitaja, nimeliongeza mimi baada ya kuishi Goma miezi sita. Watu wa kule wana neno mazuku. Ni mashimo na mabonde madogo ambamo CO2 ya volkeno inatuama, kwa sababu ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Haina harufu. Mbuzi anaingia kula majani, hatoki. Mtu anainama kumvuta mbuzi, naye hatoki. Na Kamerun, 1986, ziwa Nyos lilitapika CO2 usiku mmoja, watu zaidi ya 1,700 wakafa wamelala. Kwa hiyo atakayekuja Lubudi na mpango wa kuingiza mamilioni ya tani chini ya miguu ya wazazi wetu, tumuulize kwanza kuhusu kifuniko: tabaka gani linaizuia isirudi juu, na nani atalipima miaka hamsini ijayo. Mwamba wetu umekunjwa na kupasuka. Nyufa zilezile zinazopandisha maji ya moto zinaweza kupandisha na hiyo.

Mtaniuliza, basi umeandika haya yote ya nini, kama wazo lenyewe umelizika?

Sijalizika. Nimelipeleka nyuma ya foleni. Mbele yake kuna kitu cha bei ndogo. Chena, Alaska, mwaka 2006, watu wenye hoteli ndogo ya chemchemi walifunga mashine za kilowati 200 kila moja, zinazotumia maji ya nyuzi 74. Sabini na nne! Kiabukwa ina 91. Ni kweli wao wana maji ya baridi kali ya kupoozea, na hilo linawasaidia sana, sisi hatuna. Lakini jambo ambalo mwaka 1952 lilikuwa jaribio la kampuni, leo ni mashine unayoweza kuagiza, inasafirishwa kwenye kontena. Na kilowati 200 ambazo mgodi ulizidharau zinatosha taa na friji ya dawa ya kituo cha afya, vinu vya mihogo na mahindi, shule, na simu za kijiji kizima. Ninyi mliokulia Kolwezi mnajua nguzo kubwa zinavyopita juu ya nyumba za watu wanaopikia makala. Laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, ilikamilika miaka ya 1980 mwanzoni, na njiani kote huko ilipita juu ya vichwa vya watu walio gizani.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenzangu wa jiolojia ni dogo kabisa, halina CO2 ndani. Kampuni za madini zinachimba mashimo ya utafiti kila mwaka, mengine yanafika mamia ya mita, yakishatoa sampuli yanafunikwa. Kabla hayajafunikwa, teremsha kipimajoto. Andika kina, andika nyuzi. Mashimo ishirini yakipimwa hivyo kati ya Kolwezi, Lubudi na Bukama, tutakuwa na ramani ya joto ambayo itasema kama mwamba wetu unafaa kwa maji, unafaa kwa CO2, au haufai kwa lolote. Mimi na wenzangu wawili tumeshaandika barua ya kuomba ruhusa ya shimo la kwanza. Kipimajoto tumeazima, waya wa mita 300 tumenunua kwa kuchangishana.

Nilimsomea kambo ile barua kabla ya kuituma, nikimtafsiria kutoka Kifaransa. Alikuwa anamenya karanga, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Iko muzuri. Lakini haujaandika kuran yenyewe itaenda kwa nani."

Nilirudi mezani nikaongeza aya.